Chupa Mia Nne za Kpandroma

Watu wa mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, walimtania Hortense Mbambu kwamba angependa tu, angeongea na Mongbwalu, kule mbali machimboni, bila redio, kwa sauti yake tu. Sauti ile aliipata kazini. Mwaka 1974, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyetoka shuleni kwa masista, aliajiriwa katika ofisi ya uratibu wa afya pale Bunia, chumba cha foni, ile redio ya kuitana ambayo ofisi na misheni zote za Ituri ziliitegemea kwa sababu simu ilikuwa hadithi tu na barabara zilikuwa matope. Kila asubuhi aliviita vituo vya afya thelathini, kimoja baada ya kingine, akaandika kwenye rejista kila kituo kinaomba nini. Bule kwinini, Fataki bandeji, Mongbwalu dawa za majeraha, kwa kuwa wachimba dhahabu hawaishi kuumia.

Kwenye karatasi za serikali aliitwa citoyenne Mbambu, yaani mwananchi Mbambu, maana wakubwa wa Kinshasa walikuwa wamepiga marufuku majina ya Kikristo. Nyumbani, kanisani na sokoni alibaki Hortense. Hata wanajandarma, askari waliotakiwa kulinda marufuku hiyo walimwita Mama Hortense, wakaona hakuna tatizo lolote.

Foni ina adabu zake, na yeye alizishika kuliko katekisimu. Mmoja akisema, mwingine ananyamaza. Ukimaliza unasema "terminé", na hapo mwenzako anajua amesikia yote. Na kabla ya hayo yote mnasalimiana. Muuguzi akianza moja kwa moja na kwinini zake bila kuuliza watu wameamkaje, Hortense alimkatiza palepale. "Siye ni ngombe? Salimia kwanza." Muuguzi alisalimia. Mwaka 1983 mume wake alipokufa kwa ajali ya lori njia ya Komanda, akamwachia watoto wanne, vituo vyote thelathini vilimpa pole hewani kwa zamu, na asubuhi hiyo hakuna dawa hata moja iliyoombwa.

Mashine zilikuja mwaka 1988. Mkurugenzi Katsuva alikuwa ameandika katika barua moja kwa wafadhili kwamba ofisi yake inataka "informatisation", yaani kazi ifanywe kwa kompyuta, neno ambalo sidhani kama yeye mwenyewe alilijua mwisho wake, na wafadhili wakamchukulia kwa uzito. Zikateremka kwa ndege mashine mbili za kompyuta pamoja na fundi Mbelgiji aitwaye Rémy, kijana mwembamba ambaye jua la Bunia lilimbambua pua. Mashine moja iliwekwa chumba cha foni, ya pili ng'ambo ya uwanja, kwenye depo ya dawa. Katikati wakachimba mtaro na kulaza waya. Lengo lilikuwa kwamba orodha ya maombi ya asubuhi iruke yenyewe kutoka kwa Hortense hadi kwa mtunza depo, badala ya mtu kuvuka uwanja na karatasi. Uwanja wenyewe ulikuwa wa hatua mia mbili. Lakini wafadhili wanapotoa, nani atakataa?

Rémy alitafuta wa kumfundisha. Mabwana wa ofisini wenye diploma walihudhuria siku mbili, ya tatu wakapata kazi nyingine za haraka. Hortense alibaki kwa sababu mashine ilikuwa chumbani kwake na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Rémy alieleza kwa Kifaransa, mashine ilitaka iandikiwe maneno ya Kiingereza, na Hortense akayaweka yote kichwani kwa Kiswahili. Lugha ya kuiamuru mashine iliitwa C, herufi moja tu, naye aliona jina hilo ni la watu wavivu.

Somo kubwa lilikuwa la soketi. Mashine ya depo, alisema Rémy, inafungua soketi, yaani tundu la kusemea na kusikilizia. Inaliwekea tundu hilo anwani na namba ili mwenzake ajue pa kubisha hodi. Kisha inatega sikio, inangoja. Mashine ya foni nayo inafungua soketi yake, inabisha kwenye anwani ile na namba ile. Ya depo inaitikia, inapokea, na hapo njia imefunguka. Huyu anaandika, yule anasoma, na mwisho wanafunga. Kama upande wa pili hakuna aliyetega sikio, unakataliwa mlangoni.

Hortense alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Lakini ile njo foni! Miaka kumi na ine nafanya ile kazi."

Kwa sehemu kubwa alisema kweli. Sehemu ndogo aliyokosea ndiyo iliyomtesa mtu.

Baada ya miezi mitatu Rémy alirudi kwao akamwachia kitabu na programu aliyoiandika Hortense kwa mkono wake mwenyewe. Ndani ya sehemu ya mashine ya depo Hortense alikuwa ameweka kisanduku cha kupokelea herufi elfu moja na ishirini na nne, akaiamuru mashine isome, iandike iliyoyasoma kwenye kioo, ifunge. Isome mara moja. Kitabu kilisema wazi kwamba kusoma mara moja kunaweza kuleta kipande tu cha maneno, na kwamba mtu mwangalifu anazunguka na kusoma tena hadi mwenzake afunge. Hortense aliona ni maneno ya kujaza kurasa. Kwenye foni mtu akisema unamsikia hadi mwisho, kwa nini mashine ya wazungu ishindwe? Mwanzoni alikuwa akimalizia kila orodha kwa "terminé". Rémy alimcheka, akamwambia mashine haina haja ya kuambiwa, na yeye kwa aibu akaliondoa neno lile. Salamu ndiyo iliyomshinda kuiondoa.

Katsuva alikuwa amebandika karatasi ukutani kwamba ni marufuku kuandika maneno ya binafsi kwenye mashine za mradi. Hata hivyo kila asubuhi, juu ya orodha, Hortense aliandika mstari mmoja wa kumsalimu Vital, mtunza depo. Vital alikuwa mtu wa maneno machache, wa miaka minane katika kazi ile, anayejulikana mjini kote kwa kumnyima mke wa mkurugenzi aspirini kwa kukosa bon, ile karatasi ya kuidhinisha dawa itolewe. Mtu kama huyo unamtupia orodha usoni bila kumwuliza ameamkaje? Hortense hakuweza. Kwa mwaka mzima salamu zilipita, orodha zikapita, na Hortense akatembea Bunia akijua kwamba kati ya Kisangani na ziwa hakuna mwanamke mwingine aliyefanya mashine mbili zisemezane. Alijivuna, ndiyo. Ningekuwa mimi ningejivuna zaidi.

Mwezi wa nne mwaka 1989 kipindupindu kikaingia milimani. Jumatatu moja Théodore, muuguzi wa Kpandroma, aliita wa mwisho kama kawaida yake, kwa sababu betri yake ilingoja jua lipande, akaomba chupa mia nne za serumu, yale maji ya chumvi ya kutia mshipani. Hortense aliandika 400 kwenye rejista, akamrudishia tarakimu moja moja, Théodore akathibitisha. Kisha akapiga orodha yote kwenye mashine. Jumamosi iliyopita mke wa Vital, Anastasie, alikuwa amejifungua mapacha, wa kiume na wa kike, kwa hiyo salamu ya siku hiyo ilikuwa ndefu. Alimwita Papa Mapasa, baba wa mapacha, akamwuliza mama ameamkaje, watoto wananyonya vizuri, akawaombea baraka wote wanne. Akabonyeza, orodha ikaenda, lori likaondoka kabla ya mchana kwa kuogopa mvua.

Jumatano asubuhi foni ilifunguka na Théodore hakusalimu.

"Mama Hortense, serumu iko wapi? Niliomba quatre cents. Lori ililetea siye quarante tu, arobaini! Zilikwisha siku ileile. Usiku batu tatu bamekufa, moja mutoto. Weye unanisikia? Terminé."

Alimsikia. Akaita mkurugenzi, na katika nusu saa depo ilikuwa imehesabiwa. Chupa mia tatu na sitini zilikuwa pale nyuma, ndani ya katoni zake, hazijaguswa. Lori la pili lilipakiwa kwa mbio likaondoka. Ndipo watu wakamgeukia Vital.

"Mashini iliniandikia quarante," alisema Vital. "Niliona na macho yangu. Nikaandika bon ya quarante, chauffeur wa lori akatia sahihi."

Mashine haikuwa na ushahidi wowote. Orodha ya Jumanne ilikuwa imeifuta ya Jumatatu, ya Jumatano imeifuta ya Jumanne, ndivyo Hortense alivyoipanga. Kilichobaki ni rejista ya foni, na rejista ilisema 400. Katsuva alikuwa ameshapata jibu lake. Katika wiki zile serumu ilitafutwa na kila duka la dawa kuanzia Mongbwalu hadi Aru, na mtu anayeficha chupa mia tatu na sitini nyuma ya depo hazifichi kwa ajili ya kuoga. Akatuma watu wamwite adjudant, mkuu wa jandarma.

Adjudant alikuwa mtu mnene mwenye daftari jeusi. Alimwuliza Hortense swali moja.

"Ile mashini inaweza kukosea?"

Hapa ndipo ninapomkasirikia, hata leo. Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema ngoja nitazame. Lakini palikuwa na wanaume sita pale chumbani, mabwana wa diploma wamo, nao walikuwa wakimtazama yeye na mashine yake kana kwamba wamengoja siku hii mwaka mzima.

"Apana," alisema. "Programu niliandika mimi mwenyewe. Kitu nilituma njo kitu kilifika."

Wakamtaka athibitishe. Katsuva akampa ufunguo wa depo, jenereta ikawashwa. Akapiga mstari wa Kpandroma peke yake, serumu 400, wakavuka uwanja wote kutazama. Kioo cha depo kiliandika 400. Akarudia mara tano, mia nne mara tano. Adjudant akasema labda inachoka orodha ikiwa ndefu, na Hortense, kwa haki, akafungua rejista akaipiga orodha yote ya Jumatatu, vituo thelathini, hakuacha hata kimoja. Wakavuka tena. Mstari wa mwisho kabisa: Kpandroma, serumu 400.

"Basi," alisema Katsuva.

Walimfunga Vital mikono kwa kamba ya katoni. Alipopitishwa mbele ya Hortense alisimama kidogo, wala hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu.

"Mama Hortense, ile lundi, ile Jumatatu, ulinisalimia batoto. Nilicheka mi peke yangu mu depo. Kiisha nilisoma liste mpaka mwisho. Ilikuwa quarante."

Wakamwingiza kwenye chumba cha matairi nyuma ya gereji. Jeep ya kumpeleka gereza kuu ingekuja saa tisa, baada ya adjudant kumaliza maswali yake. Ukiingia gereza la Bunia miaka ile bila mjomba mkubwa, kutoka kwako ilikuwa ni kazi ya Mungu.

Saa sita watu walikwenda kula. Hortense aliwaambia waache jenereta ikiwaka, ana kazi. Hakuwa na kazi. Alikuwa na neno la Vital limemkaa kichwani na halitoki. Ulinisalimia batoto. Akafungua tena rejista, akaitazama orodha ya Jumatatu aliyoinakili asubuhi ile mbele ya adjudant, kituo kwa kituo. Hakuna kilichokosekana. Rejista ni kitabu cha serikali, ndani yake kuna dawa na namba. Salamu haimo.

Salamu hakuiandika asubuhi ile. Angeiandikaje mbele ya mkurugenzi aliyeipiga marufuku?

Akaipiga sasa. Jambo Papa Mapasa, mama ameamukaje, batoto banyonya muzuri, na baraka zake zote, kadiri alivyozikumbuka, na alizikumbuka vizuri maana zilitoka moyoni. Chini yake orodha yote. Akabonyeza, akavuka uwanja peke yake juani, akafungua depo.

Kioo kilianza na salamu. Kikateremka kwa Bule, Fataki, Mongbwalu, kituo baada ya kituo. Mwisho kikasema: Kpandroma, serumu 40. Baada ya sifuri hiyo moja hapakuwa na kitu.

Alielewa yote kwa pamoja. Kisanduku chake kilijaa. Herufi elfu moja na ishirini na nne zilikwisha palepale, katikati ya namba, na mashine haikuwa imeambiwa isome tena, kwa hiyo ikafunga. Sifuri ya pili ilibaki njiani ndani ya waya, ikatupwa. Siku nyingine zote orodha na salamu zilitosha kisandukuni. Jumatatu vituo viliomba vingi kwa sababu ya ugonjwa, na salamu ilikuwa ya mapacha. Ingekatika herufi tatu kabla, Vital angeona upuuzi na kuja kuuliza. Ilikatika mahali ambapo uwongo unafanana na kweli.

Vital hakuiba. Watu watatu wa Kpandroma walikufa kwa sababu ya mstari mmoja wa C ambao kitabu kilimwonya juu yake, onyo alilolikataa kwa kiburi, na asubuhi hii ameapa mbele ya serikali kwamba haukosei.

Sasa sikilizeni alichofanya. Alifuta kioo. Alifunga depo kwa ufunguo, akarudi chumba cha foni, akatuma orodha ya Jumatano juu ya ile, kioo kikawa safi, akakaa kitini.

Aliogopa. Sitampamba. Aliwafikiria watoto wake wanne, mkubwa akingoja mtihani wa serikali, na hakuna baba. Aliwaza jinsi Katsuva atakavyosema alitumia mashine ya mradi kwa maongezi, kinyume cha karatasi iliyobandikwa ukutani. Aliwaza gereza. Akajiambia labda adjudant atachoka. Labda Vital ataachiwa kwa kukosa ushahidi, chupa zote si zimepatikana? Labda angerekebisha programu kimyakimya, aandike mzunguko wa kusoma hadi mwisho kama kitabu kinavyotaka, na jambo lile lisitokee tena kwa mtu yeyote, na hiyo je, si toba? Alifungua hata faili. Aliuandika mzunguko, mistari minne. Ilikuwa mistari minne tu. Aliitazama akalia.

Kupitia dirishani alimwona Anastasie. Alikuwa ametembea kutoka mtaa wa Mudzipela siku ya nne baada ya kujifungua, polepole, pacha mmoja kila mkono, akaketi chini ya ukingo wa bati la gereji. Hakulia wala hakumwomba mtu kitu. Aliuliza mlinzi mume wake yuko mlango upi, akaonyeshwa, akaugeukia mlango huo.

Saa nane sauti ya adjudant ilianza kusikika kutoka chumba cha matairi. "Loba! Loba!" Sema, sema. Kisha mlio kama wa kitu kinachopigwa mezani, na Vital akapiga kelele. Miaka minane Hortense hakuwahi kusikia mtu huyo akipaza sauti. Anastasie alisimama, akaketi tena, watoto wakaanza kulia wote wawili. Mlio ule ulirudi. Hortense alivaa vidude vya masikioni vya foni, ingawa foni ilikuwa imezimwa, akavibana kwa viganja. Alikaa hivyo. Mkono wa saa ya ukutani ulitembea, yeye akiutazama, dakika kwa dakika, na kila dakika alijiambia ijayo atainuka.

Jeep ilipoingia uwanjani ndipo alipoinuka. Vital alitolewa akishikwa makwapani, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, vidole vimevimba vimekuwa vyeusi. Hortense alitoka mbio, akasimama mbele ya jeep kwa ile sauti yake ya kufika Mongbwalu.

"Mumuache! Ule mutu hakuiba! Mashini yangu njo ilikata namba!"

Katsuva alimfikia wa kwanza, akamshika mkono juu ya kiwiko.

"Nyamaza, mama," alisema chini chini. "Wafadhili banakuja wiki ijayo. Bataambiwa nini, mashini yao njo iliua batu? Depo itapata mutu mwengine. Fikiri batoto yako."

"Nimefikiri bo tangu zamani," alisema Hortense, akajinyofoa. Akamgeukia adjudant. "Papa adjudant, kuja uone. Ukiona uongo, unifunge mi na yeye pamoja."

Adjudant alipenda jambo la kutazamwa, na labda hakupenda kazi aliyoifanya saa nane. Alikuja. Hortense alikuwa ameacha programu ya zamani bado ikitega sikio upande wa depo, mzunguko mpya alikuwa hajauweka. Mbele yao wote alipiga kwanza orodha bila salamu, akawapeleka uwanja mzima, wakaona 400. Akawarudisha. Akapiga sasa na salamu, kila neno, mkurugenzi akisoma juu ya bega lake jinsi alivyoivunja amri yake kila asubuhi kwa mwaka mzima. Wakavuka tena, na Vital naye, akisukumwa.

Kpandroma, serumu 40.

Adjudant alisogeza uso karibu na kioo, akagusa ile sifuri moja kwa kidole chake kinene, akakitazama kidole.

"Ingine ilienda wapi?"

"Hakuna mutu alisoma yo," alisema Hortense. "Mashini inasoma mara moja, juu mi njo niliambia yo isome mara moja. Asubui nilisema kwenu haikosei. Nilisema bila kujua. Muandike mi."

Adjudant alifungua daftari, akapiga mstari juu ya ukurasa wa Vital, mstari mrefu wa kona hadi kona. Akamfungua kamba yeye mwenyewe. Vital aliutazama mkono wake kwa mshangao, akajaribu kukunja vidole, viwili vikakataa. Akamwangalia Hortense akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama alivyokuwa akiitikia mtu aliyeleta bon iliyo sahihi. Hortense alihisi kifua kinafunguka. Ni kweli ameharibu, lakini ameisema kweli, na mtu huyu ameielewa. Alikuwa karibu kushukuru.

Anastasie alikuwa mlangoni mwa depo. Hakuna aliyemwona akija. Pacha mmoja alikuwa amelala, wa pili alikuwa akitafuta titi kwa mdomo juu ya kitenge.

"Mama Hortense," alisema, "mi sijue mambo ya mashini. Niulize tu kitu kimoja. Weye ulijua ile mambo tangu saa ngapi?"

Kioo cha saa sita kilikuwa kimefutwa. Hapakuwa na rejista ya jambo hilo wala shahidi. Neno "sasa hivi" lilikuwa jepesi, lilikuwa limeshamfika ulimini, na kila mtu pale, pamoja na Vital, angelipokea na kwenda nalo nyumbani.

"Tangu midi, saa sita," alisema Hortense.

Anastasie alihesabu bila kusema. Aligeuza uso akautazama mkono wa mume wake, kidole kwa kidole, kisha akamtazama tena Hortense, na hakukuwa na hasira usoni mwake, ni kuelewa tu, jambo ambalo Hortense angelibadilisha kwa kofi lolote la dunia.

"Balimupiga quatorze heures, saa nane," alisema.

Akampa Vital pacha aliyelala, amshike kwa mkono wa kushoto. Wakatoka wakakata uwanja taratibu kuelekea barabarani, na watu wakawapisha. Adjudant alikaa kwenye kiti cha mtunza depo, akageuza ukurasa mpya, akamwambia Hortense aanze na jina.